Salio la shilingi kwenye waleti ya kripto: ni shilingi kweli?

Swali: "Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Mteja wangu mkubwa yuko Goma, Kongo. Tangu benki za kwao zifungwe mwaka 2025 alihangaika sana namna ya kunitumia fedha, mwisho kijana wangu akaniwekea kwenye simu waleti, programu ya kushikia kripto, yaani sarafu za kidijitali, na sasa mteja ananilipa kwa USDT. Nikifungua naona salio kwa shilingi. Jumatatu lilisoma 6,200,000. Alhamisi likasoma 6,050,000, na sijatoa hata senti. Chini yake kuna maandishi madogo, 2,500 USDT, hayo hayabadiliki. Jirani yangu mmoja sokoni anasema hii ni kama M-Pesa tu. Mwingine anasema ni utapeli, nitoe haraka. Mwezi unakua, boti zinapumzika kwa kuwa dagaa huvuliwa usiku wa giza, na mtaji wangu huwa naulaza mpaka giza lirudi. Hizo ni shilingi kweli? Naweza kuzilaza humo?"

Jibu:

Shikamoo mama, na pole na shughuli.

Nianze na jibu lenyewe kwa kuwa mwezi hausubiri mtu. Hapana, hizo si shilingi. Kwenye waleti hiyo hakuna shilingi hata moja. Ulichonacho ni yale maandishi madogo ya chini, USDT 2,500, na tarakimu kubwa ya juu ni tafsiri tu ya thamani yake kwa dakika hiyo uliyofungua. Bei iliyoandikwa kwenye gunia la dagaa si fedha mfukoni mpaka atokee mnunuzi alipe, na tarakimu ya shilingi kwenye waleti yako iko vivyo hivyo. Usiulaze mtaji humo. Ila na majirani zako wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa upande wake, na ukimfuata yeyote kati yao unaweza kuumia. Ndiyo maana nataka tulipitie jambo hili polepole.

Tuanze na ile laki moja na nusu iliyokutia hofu, maana haikuibwa. Chukua 6,200,000 ugawe kwa 2,500, unapata 2,480. Chukua 6,050,000 ugawe kwa 2,500, unapata 2,420. Maana yake Jumatatu programu yako ilihesabu kila USDT kwa shilingi 2,480 na Alhamisi kwa shilingi 2,420. USDT ni sarafu ya kidijitali inayotolewa na kampuni iitwayo Tether, na imetengenezwa ili moja iwe na thamani ya dola moja ya Marekani. Dola ikishuka mbele ya shilingi, tarakimu yako kubwa inashuka, hata kama waleti haijaguswa na mtu. Hicho ndicho kipimo cha kwanza, na unaweza kukifanya mwenyewe bila kumuuliza mtu yeyote: salio la shilingi ambalo ni shilingi kweli halitikisiki lenyewe. Weka milioni sita benki au M-Pesa, lala siku tatu, utazikuta milioni sita. Salio linalopanda na kushuka wakati hujaligusa ni salio la kitu kingine kilichovalishwa jina la shilingi.

Kutoka hapo utaona kwa nini jirani wa kwanza amekosea. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na tangu Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na kanuni zake za fedha za kielektroniki, kampuni inayotoa huduma hiyo inatakiwa kuwa na shilingi halisi benki, kwenye akaunti ya amana, kwa kila shilingi inayosomeka kwenye simu za wateja. Fedha hizo zinatengwa na fedha za kampuni yenyewe. Hata kampuni ya simu ikipata matatizo, zile ni za wateja. Ukidhulumiwa, unalalamika kwa kampuni, na kisipoeleweka malalamiko yako yanaweza kufika mpaka Benki Kuu, ambayo ndiyo iliyompa mtoa huduma leseni. Wakala yeyote pale Makoroboi anakupa noti bila kupatana bei. Shilingi ya M-Pesa ni shilingi moja leo na kesho.

Sasa chukua swali hilohilo ulipeleke kwenye waleti yako: nani anawajibika kunipa shilingi 6,050,000 nikizitaka? Mwenye programu hawajibiki, yeye ameonyesha thamani tu. Tether hawajibiki kwa shilingi, wao wameahidi dola. Hata hiyo ahadi ya dola haikufikii wewe moja kwa moja, kwa sababu Tether hubadilishia USDT kwa dola wateja waliosajiliwa kwao tu, na kiwango cha chini ni dola 100,000 kwa mara moja. Wewe wa 2,500 unategemea apatikane mtu mwingine sokoni anayezitaka USDT zako, kwa bei mtakayoelewana. Kwa hiyo jibu ni kwamba hakuna anayewajibika. Swali hilo, mama, nakuomba ulishike kuliko kitu kingine chochote nitakachoandika hapa, maana litakufaa kwa programu yoyote watakayokuletea, iwe na rangi gani na jina gani.

Jirani wa pili naye, anayesema ni utapeli, anachanganya mambo. USDT zako zipo, mteja wako alizituma kweli, na zimeandikwa kwenye daftari la mtandao ambalo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kulisoma. Nyuma ya sarafu hiyo Tether wanashikilia mali, na sehemu kubwa ni hati fungani za muda mfupi za serikali ya Marekani. Mteja wako hakukuchezea. Goma ilitekwa mwishoni mwa Januari 2025, benki zikafunga milango, na mfanyabiashara mwenye dola zake mkononi akawa hana dirisha la kuzipitisha. Kupata njia ya kukulipa ndani ya dakika chache, hata Jumapili, ni jambo kubwa, na silidharau hata kidogo. Kosa ni kuifanya njia hiyo iwe mahali pa kulaza fedha.

Sarafu za aina hii, zile zinazoitwa sarafu thabiti, zina historia ambayo mtu anayelaza mtaji anapaswa kuijua. Mei 2022 kulikuwa na moja iitwayo TerraUSD, nayo iliahidi dola moja. Haikuwa na dola nyuma yake, ilitegemea sarafu pacha na hesabu za kompyuta. Ndani ya siku chache ilianguka mpaka senti chache na haikuinuka tena, na mabilioni ya dola ya watu yakayeyuka. Machi 2023 ikawa zamu ya USDC, ambayo ina akiba halisi. Dola bilioni 3.3 za akiba hiyo zilikuwa kwenye Silicon Valley Bank wakati benki hiyo inaanguka. Mwisho wa wiki hiyo USDC ilishuka chini ya senti 90, kisha ikarudi kwenye dola moja baada ya serikali ya Marekani kuwalinda wenye amana. Aliyekuwa hana haraka hakupoteza kitu. Aliyelazimika kuuza siku hiyo kwa sababu alikuwa na wafanyakazi wa kulipa, alikula hasara. Wewe, boti zikirudi majini, utakuwa na haraka.

Lakini hatari iliyo karibu zaidi na wewe ni shilingi yenyewe kupanda, na hii wengi hawaioni kwa sababu tumezoea kusikia kwamba dola ndiyo salama. Oktoba 2024 dola moja ilikuwa takriban shilingi 2,700. Kufikia katikati ya Desemba mwaka huohuo ilikuwa takriban 2,400. Mtu aliyekuwa na dola 2,500 Oktoba akahesabu 6,750,000, Desemba alikuwa na 6,000,000. Laki saba na nusu ziliondoka bila mwizi na bila kosa. Kama gharama zako zingekuwa za dola, usingesikia kitu. Ila wewe wavuvi unawalipa kwa shilingi, wapagazi shilingi, magunia shilingi, ushuru wa soko shilingi, kodi ya chumba cha kuhifadhia shilingi. Mtaji wa kununulia dagaa kwa shilingi ukiulaza kwenye dola, umeingia biashara ya pili ya kubashiri dola wakati biashara yako ni dagaa. Ukitaka kwa makusudi kuweka akiba fulani kwa dola, benki zetu nyingi zinafungua akaunti za fedha za kigeni, nayo iko chini ya sheria.

Naomba sasa umuulize kijana wako jambo moja. Siku alipokufungulia waleti hiyo, je, simu ilitoa maneno 12 au 24 ya Kiingereza na kumtaka ayaandike mahali?

Akisema ndiyo, waleti hiyo ni ya kujishikia mwenyewe. Maneno hayo ndiyo mali. Aliyenayo anaweza kufungua waleti yako kwenye simu nyingine yoyote, popote duniani, bila namba yako ya siri na bila simu yako. Simu ikidondoka ziwani pale gatini, maneno yakiwepo fedha ipo. Maneno yakipotea, hakuna ofisi ya kwenda wala namba ya huduma kwa wateja. Yawe yameandikwa kwa kalamu kwenye karatasi, nakala mbili, ziwekwe sehemu mbili ambazo wewe mwenyewe unazijua. Yasiwe kwenye picha ya simu, yasiwe kwenye WhatsApp, yasiwe kwenye simu ya kijana peke yake. Simtilii shaka kijana wako. Mtaji ni wako, na mwenye mtaji ndiye anayetakiwa kujua ufunguo ulipo, kama unavyojua funguo za stoo. Na atakayekupigia simu au kukuandikia akiyaomba maneno hayo, kwa sababu yoyote ile, huyo ni mwizi.

Akisema hapana, kwamba mlijisajili kwa namba ya simu au barua pepe na nywila tu, basi USDT zinashikiliwa na kampuni yenye programu, na wewe unashikilia ahadi yake. Hapo ndipo inabidi ujue kampuni ni ipi, iko nchi gani, na ikifunga duka mali ya wateja inakuwa ya nani. Watu waliziamini kampuni kubwa za kushikia kripto wakalia. Mt. Gox ya Japani ilianguka Februari 2014. Celsius na Voyager za Marekani ziliomba kulindwa na mahakama ya mufilisi Julai 2022, na FTX ikafuata Novemba mwaka huohuo.

Kisa cha Voyager ndicho kinachogusa swali lako hasa, kwa sababu programu yao ilikuwa na salio la aina mbili: dola na kripto. Kampuni ilipofilisika, zile dola zilikutwa ziko benki, Metropolitan Commercial Bank ya New York, kwenye akaunti iliyoandikwa wazi kwamba ni kwa manufaa ya wateja. Agosti 2022 jaji aliruhusu wateja warudishiwe fedha hizo, kiasi cha dola milioni 270. Kripto za wateja walewale, ndani ya programu ileile, zilibaki kwenye kesi, na walizipata kwa sehemu tu na kwa kuchelewa. Simu ileile, mteja yuleyule, tarakimu zinafanana machoni, lakini moja ilikuwa na benki nyuma yake na nyingine ilikuwa na ahadi. Halafu kampuni hiyo ilikuwa imewaambia wateja kwamba dola zao zina bima ya serikali hata yenyewe ikianguka. Mamlaka za Marekani ziliiandikia kuikanya, kwa kuwa bima ile inalinda benki inapoanguka na wala haiilindi kampuni ya programu. Wateja wa Celsius waliofuata riba walikuwa na bahati mbaya zaidi: Januari 2023 jaji aliamua kwamba mali waliyoweka kwenye akaunti za riba ilishakuwa ya kampuni tangu walipokubali masharti, nao wakasimama foleni na wadai wengine.

Kwa hiyo programu ikianza kukuahidi riba ya kila siku kwa kulaza USDT, ondoka. Sisi tunayo kumbukumbu ya DECI, upatu uliofungwa mwaka 2009, na waliopoteza wakati ule bado wapo mitaani kwetu na watakusimulia.

Ziko pia waleti zinazoshika Bitcoin huku zikikuonyesha salio lililotulia kwa dola au kwa fedha nyingine, kwa kutumia mikataba ya nyuma ya pazia inayofidia bei inapopanda na kushuka. Programu ya Abra ilianza kwa mtindo huo, na tangu mwaka 2022 Blink nayo ina salio la dola la namna hiyo. Huyumbi ilimradi yule wa upande wa pili wa mkataba yuko hai na analipa. Sio aina uliyonayo, nimeitaja tu usije ukaletewa ukadhani ni benki.

Sasa tuingie kwenye kuzitoa. Kwa kuwa hakuna dirisha la kubadilishia, utamuuzia mtu kupitia P2P, yaani soko la mtu kwa mtu kwenye jukwaa la mtandaoni. Kijana anaweka tangazo au anachagua mnunuzi anayelipa kwa M-Pesa, Airtel Money au benki. Jukwaa linazifungia USDT zako pembeni, mnunuzi anakutumia shilingi, wewe unathibitisha umepokea, na USDT zinaachiwa kwake. Ukishabonyeza kuachia, hakuna kurudi nyuma, na wezi wamekaa hapo hapo kwenye hatua hiyo. Watu walewale waliotuchosha na "ile hela tuma kwenye namba hii" wamehamia huku na ufundi mpya.

Wa kwanza anakutumia ujumbe wa uongo wa "umepokea". Umeandikwa vizuri, una namba ya muamala, una salio jipya. Usiusome. Piga *150*00# mwenyewe uangalie salio, au fungua programu ya benki yako, na mpaka uone limeongezeka usibonyeze kitu. Akikuharakisha kwa kukupigia simu mara tatu mfululizo, hiyo peke yake ni dalili.

Wa pili ni hatari zaidi kwa sababu fedha inafika kweli. Ila jina la aliyetuma si jina la mnunuzi uliyemwona kwenye jukwaa. Anakwambia ni shemeji yake, ni ofisi yake. Mara nyingine fedha hiyo imeibwa kwa mtu wa Geita au Shinyanga aliyedanganywa asubuhi hiyo, mwizi anaigeuza kuwa USDT kupitia kwako, na mwenye fedha akienda polisi njia inaishia kwenye namba yako ya simu. Laini inazuiwa, wewe unaitwa kujieleza, na mtaji wa dagaa umekwama katikati ya msimu. Majina yasipofanana, usiachie. Lalamika ndani ya jukwaa, uziache USDT zifungiwe hukohuko mpaka waamue.

Kabla ya hayo yote kuna jambo dogo linalokwamisha watu wengi. USDT inatembea kwenye mitandao kadhaa, na huku kwetu inayotumika sana ni Tron kwa sababu gharama yake imekuwa nafuu. Anwani ya Tron inaanza na herufi T. Anwani za Ethereum na jamaa zake zinaanza na 0x. Mteja wa Goma akikosea mtandao, fedha inaweza kupotelea mahali ambapo waleti yako haifiki. Na ukitaka kutuma USDT kwenda kwenye jukwaa la kuuzia, Tron inadai ada yake kwa sarafu yake yenyewe, TRX. Utakuwa na USDT 2,500 na usiweze kutuma hata moja kwa sababu huna TRX. Baadhi ya programu zinakukata kwenye USDT zenyewe, nyingine hapana. Kijana aangalie hilo leo, awe na akiba ndogo ya TRX, asije akaanza kuitafuta usiku wa manane wakati wavuvi wanasubiri malipo.

Bei nayo. Skrini inasema 2,420, lakini hakuna aliyekuahidi 2,420. Tuseme mnunuzi anatoa 2,395. Tofauti ya shilingi 25 inaonekana si kitu, lakini mara 2,500 ni 62,500. Unapata 5,987,500 kabla ya ada za kutuma na za wakala. Halafu Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali, na anayetakiwa kuikata ni mwenye jukwaa. Kwa fungu lako hiyo ni karibu 180,000. Ulizia mapema jukwaa linafanyaje, na uihesabu kwenye bei ya mzigo. Faida ya dagaa yenyewe inabaki kuwa mapato ya biashara kama kawaida, iwe umelipwa kwa noti au kwa USDT, kwa hiyo tunza ankara.

Kuhusu sheria, nikwambie wazi mahali uliposimama. Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo kwa umma kwamba sarafu za kidijitali si fedha halali nchini, na ikawatahadharisha wananchi wasizitumie. Tarehe 13 Juni 2021 Rais Samia, hapa hapa Mwanza akizindua jengo la tawi la Benki Kuu, aliwaambia Benki Kuu wajiandae kwa ujio wa sarafu hizo wasije wakashtukizwa. Mwaka 2024 ikaja hiyo kodi. Watu wamejenga hoja kwamba kinachotozwa kodi kimehalalishwa. Mimi sikubaliani nao. Kodi imekupa wajibu, haijakupa mtetezi. Ukipoteza USDT zako, huna pa kudai kama unavyodai salio la M-Pesa. Na usidanganywe kwamba programu fulani ni salama kwa kuwa Kenya walipitisha sheria yao mwaka 2025: leseni ya Nairobi inamlinda mteja kwa mujibu wa sheria ya Kenya. Zaidi ya hapo, kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zimekataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Bei ya gunia lako iandike kwa shilingi, kwenye karatasi na kwenye ujumbe.

Na mteja wako umjue vizuri, mama. Mjue kwa jina kamili, jua dagaa anawauzia akina nani, na hakikisha anayetuma ni yeye na si mtu wa tatu usiyemjua. Tether wanao uwezo wa kuzuia USDT kwenye anwani yoyote wanayoitilia shaka au wanayoombwa na vyombo vya dola, na wameufanya mara nyingi. Katika eneo lenye vita kama Kivu, uliko mji wa Goma, fedha hupita mikono mingi.

Kwa hizi 2,500 ulizonazo, ushauri wangu ni uziuze wiki hii, usisubiri dola ipande irudishe ile laki na nusu, kwa sababu inaweza kupanda na inaweza kushuka tena, na wavuvi wako hawatasubiri kujua. Uza kwa mafungu ya kiasi, kwa wanunuzi wenye historia ndefu kwenye jukwaa, mchana, kijana akiwa amekaa pembeni yako na simu ya M-Pesa ikiwa mkononi mwako wewe. Shilingi zikishaingia, kiasi kikubwa kipeleke benki, kilale huko siku zote za mbalamwezi.

Kwa mizigo ijayo, badilisha namna mnavyopatana. Nadhani mteja alichukua 6,200,000 akaigawa kwa bei ya skrini ya Jumatatu, 2,480, akatuma 2,500. Hapo ulishapunjwa kabla dola haijashuka, kwa sababu bei ya skrini si bei unayoweza kuuzia. Kama siku hiyo wanunuzi wa P2P walikuwa wanatoa 2,455, mzigo wa 6,200,000 ulidai USDT 2,526. Mwambie hivyo kwa heshima, ataelewa, naye ni mfanyabiashara. Mpatane kwa shilingi, muangalie kwa pamoja bei ya kuuzia ya saa hiyo, ongezeni gharama za kutoa, atume kwanza USDT 10 za majaribio, uzione, ndipo atume zilizobaki. Uzigeuze siku hiyohiyo, na magunia yapakiwe baada ya shilingi kusomeka kwenye akaunti yako.